Nimechoka na namba za LaFerrari, P1 na 918! "Chini ya dakika saba" ndiyo muda gani?

Wakuu, aliyekuja kwa ushabiki apite tu, uzi huu nimeuandika nikiwa na hasira.

Kila mjadala wa LaFerrari, McLaren P1 na Porsche 918 Spyder, yale magari matatu ya kasi yanayotumia petroli na umeme, ukianza, lazima atokee mtu abandike namba za brosha kisha ajitangazie ushindi. Namba zenyewe hazijapimwa kwa rula moja. Kampuni zinalijua hilo vizuri, na sisi tunapiga makofi.

Chukua uzito, maana hapa ndipo tunapochezewa zaidi. LaFerrari inatajwa kuwa na kilo 1,255, P1 kilo 1,395. Halafu mtu anaicheka 918 yenye kifurushi cha Weissach (cha kupunguza uzito) kwa kilo zake 1,634, eti lori. Ndugu yangu, hizo mbili za kwanza ni uzito mkavu: hakuna oili, hakuna maji ya rejeta, hakuna petroli. Ya Porsche imepimwa kwa utaratibu wa DIN, yaani kiwango cha Kijerumani, vimiminika vyote vikiwa ndani na tangi karibu limejaa. Tangi hilo ni la lita 70, yaani zaidi ya kilo 50 za petroli peke yake. Kupima gari kavu ni sawa na kupima gunia la mkaa baada ya kumwaga mkaa. Nani anaendesha gari kavu? Sikatai, 918 bado ni nzito kuliko wenzake. Ina mota mbili na betri ya kWh 6.8, wakati ya LaFerrari ni kWh 2.3 tu na haiwezi kutembea kwa umeme mtupu hata kutoka gereji. Ila hilo pengo la kilo karibu 400 mnaloliimba ni la kwenye karatasi.

Na nyie wa Porsche msicheke. Lita 3.1 kwa kilomita 100? Gari la V8 ya lita 4.6, nguvu farasi 887? Kipimo cha zamani cha Ulaya, NEDC, kilipima gari la kuchaji kwa plagi mara mbili, betri ikiwa imejaa na ikiwa imeisha, kisha kikapiga hesabu kwa kudhani mwenyewe atachaji tena baada ya kutembea kilomita 25 kwa injini. Kila siku, bila kukosa. Tena kipimo kinafanyika maabara, kwa mwendo wa upole ambao hata daladala ingeuona wa kizembe. Yule aliyeandika juzi kwamba 918 "inakula mafuta kama Vitz" naomba afute.

Sasa Nürburgring, ule uwanja mrefu wa mbio wa Ujerumani. Tarehe 4 Septemba 2013 dereva Marc Lieb aliizungusha 918 kwa 6:57. Dakika na sekunde zipo, bishana nazo ukitaka. McLaren nao mwishoni mwa mwaka huohuo wakatangaza P1 imezunguka "chini ya dakika saba". Basi! Sekunde ngapi? Kimya. Ferrari hawakutoa muda wowote wa huko, wanatamba na 1:19.70 ya Fiorano, uwanja wao wenyewe. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Halafu watu wazima wanatengeneza jedwali la ubingwa kutoka kwenye vitu kama hivi.

Kinachoniuma ni kwamba mitambo yenyewe haihitaji kupambwa. Ukitazama 918 kwa juu, mabomba mawili ya moshi yanatokea mgongoni, karibu na vichwa vya abiria. Wengi wanadhani ni mbwembwe. Injini ile inatoa moshi kwa upande wa ndani wa V, katikati ya safu mbili za silinda, hewa baridi inaingia kwa nje, na joto linapanda moja kwa moja nje ya gari badala ya kuzunguka injini nzima. Betri ya lithiamu iko mbele tu ya injini, na inataka kukaa nyuzi 20 hadi 40. Hiyo ndiyo sababu. Kwenye P1 mota ya umeme inasukuma pale turbo mbili za injini zinapochelewa kujaa hewa, kwa hiyo mguu ukigusa gari linajibu papo hapo. Hayo hayajadiliwi, tunabishania farasi.

Na hata farasi, jumlisheni wenyewe: injini ya 918 ina 608, mota ya nyuma 156, ya mbele 129, jumla 893. Porsche wameandika 887, kwa sababu vilele vya nguvu haviji kwa wakati mmoja. Hapo niliwapa heshima.

Mwenye video ya P1 ya mzunguko mzima, isiyokatwa, saa ikionekana, aiweke hapa. Picha ya ukurasa wa brosha sitaijibu.