Hemloki zimeota "pamba" chini ya matawi: nikate au nitibu? (Pennsylvania)

Mama_Terere: Wakuu salaam. Mwaka jana tulinunua nyumba huku Pennsylvania. Nyuma kuna hemloki saba kubwa (miti jamii ya msonobari), na ndizo zilizonifanya niipende nyumba hata kabla sijaingia ndani. Juzi nikiwa natengeneza tuta la sukuma wiki, nikainua tawi lililoinama. Upande wa chini, pale jani linaposhikana na kijiti, kumejaa vidonge vyeupe vidogo kama punje za mtama. Nikadhani theluji, Aprili hii! Fundi wa miti kaja, kakaa dakika tano, kasema kata yote saba, dola 6,000. Mume wangu anataka tupulize dawa ya mbu. Nifanyeje?

Jembe_la_Mkono: Pole dada. Huyo ni adeljidi, mdudu mdogo anayefyonza hemloki. Asili yake Japani, na mashariki ya Marekani alionekana mara ya kwanza karibu na Richmond, Virginia, mwaka 1951. Leo yuko kuanzia Georgia hadi Maine. Huku wote ni majike na wanazaa bila dume, kwa hiyo mmoja anatosha kuanzisha ukoo. Hiyo pamba ni mfuko wa mayai.
Dawa ya mbu sahau. Na fundi anayesema kata bila kuangalia mti una majani kiasi gani, huyo anauza msumeno. Simama chini ya kila mti utazame juu: unaona mbingu au majani?

Mama_Terere: Mitano bado ni kijani na ilichipua mwaka jana. Wa sita umepauka, rangi ya majivu. Wa saba naona mbingu tupu.

Jembe_la_Mkono: Basi wa saba mwachie fundi. Mingine itibu. Imidaklopridi, dawa ya kuua wadudu, humwagwa kwenye udongo kuzunguka shina, mti unaipandisha wenyewe. Mti mkubwa unaweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka, lakini kinga hudumu miaka 4 hadi 7. Huo wa sita hauwezi kusubiri, upe dawa nyingine, dinotefurani: inafanya kazi ndani ya wiki chache, ila baada ya mwaka mmoja au miwili imeisha. Kipimo kinategemea unene wa shina usawa wa kifua. Soma kibandiko, kuna kikomo cha dawa kwa ekari kwa mwaka.

Kamau_wa_Limuru: Naongezea, usitie mbolea ya naitrojeni ukidhani unausaidia mti. Utakuwa unamnenepesha mdudu. Sisi tuliokulia Kenya tunakumbuka chawa wa saipresi alipoingia 1990, nyua za watu za saipresi zikageuka kahawia. Kila mtu alikuwa na dawa yake ya kienyeji.

Binti_Tanga: Samahani, hizo sukuma wiki ziko umbali gani na shina? Na kuna maji karibu?

Mama_Terere: Uwiii. Hatua nne. Na kijito kinapita nyuma ya miti miwili.

Binti_Tanga: Hamisha tuta kabla hujafungua chupa, mboga nazo zinanyonya hiyo dawa. Hiyo miwili ya kijitoni usimwage kitu udongoni, mtafute mwenye leseni adunge dawa ndani ya shina. Chombo cha kulishia ndege kama kipo, kiondoe: vitoto vya mdudu vinasafiri kwenye miguu ya ndege.

Mzee_Kobe: Kuna mbawakawa wa Laricobius kutoka pwani ya magharibi ya Marekani, anamla huyu adeljidi. Amekuwa akiachiwa misituni tangu 2003. Si atafute hao?

Jembe_la_Mkono: Mzee shikamoo. Hao ni wa msitu, kazi yao ya miaka mingi. Miti ya dada haina miaka hiyo.

Mama_Terere: Mrejesho: nimezungusha futi ya cherehani kwenye mashina, nikagawanya kwa 3.14. Mnene kuliko yote una inchi 19. Mwenye leseni anakuja Alhamisi kwa ile miwili ya kijitoni. Sukuma wiki sasa ziko mbele ya nyumba, na jirani kashauliza hayo ni maua gani.