Mstari wa Barnett Newman: rangi inapenya chini ya tepu

Swali (Shela, Lamu): Jamani, nachora mstari wa Newman, yule mchoraji wa Marekani (mstari mwembamba wa wima unaogawa turubai), kwa akriliki. Nikibandua tepu, kingo zimechanika. Kosa ni lipi?

Jibu: Ndugu, ukishabandika, kandamiza kingo kwa ukucha, halafu pitisha mkono mmoja mwembamba wa rangi ileile ya chini, izibe mianya. Ikikauka, paka ya juu, ubandue tepu rangi ingali mbichi. Kwa joto letu usichelewe. Ila Newman katika mchoro wake Onement I, 1948, hakuibandua tepu: alipaka nyekundu juu ya tepu, na ule ukingo unaotetemeka ndio uzuri wenyewe!

Jibu: Kweli kabisa. Ukifika kwenye sanamu zake, usiige chuma cha sanamu yake Broken Obelisk hapa pwani, kile kinachojikinga kwa tabaka la kutu yake chenyewe. Chumvi haiachi kutu yake itulie, inakila. Anza na plasta na mbao, kama Here I ya 1950.