Raba za vioo zimekauka: silikoni, glisarini au mafuta ya mgando?

Mtudor
Salaam wanajamvi. Gari yangu ni Probox, inalala nje, jua la Tudor, hapa Mombasa, linaipiga kutwa na upepo wa bahari usiku. Raba za vioo vya mbele zimekauka, nikipitisha kidole kinatoka cheusi, na kwenye kona mipasuko imeanza. Kioo cha dereva kikipanda kinalia kama mlango wa banda la kuku. Kuna anayeniambia silikoni ya kupuliza, mwengine glisarini, mwengine mafuta ya mgando. Mzee nyumbani anasema nitie nazi tu. Ipi inahimili hali ya hewa ya huku?

FundiKisauni
Kaka, kwanza tutenganishe raba. Iko ya nje inayopangusa kioo kikishuka, iko ya ndani ya fremu ambayo kioo huteleza ndani yake, halafu iko ile nene inayozunguka mlango. Dawa zake si moja.

Mfereji wa kioo, yaani hiyo ya ndani ya fremu, unataka silikoni ya kupuliza inayoacha utando mkavu. Shusha kioo, chomeka ule mrija mwembamba, puliza kidogo kidogo, kisha pandisha na kushusha mara kadhaa. Raba ya mlango itie grisi ya silikoni kwa sponji, iache inywe, pangusa inayobaki. Ya nje ndiyo inayoliwa na jua, kwa hivyo tafuta dawa ya maji yenye kinga ya jua, mfano ile inayouzwa kwa jina la 303. Na hicho kilio chako naona kinatoka mferejini, si kwenye raba unayoiona.

Bi_Mwembe
Mimi ni wa glisarini. Kila duka la dawa ipo, bei haiumi, na raba inalainika kweli. Ila niseme ukweli wake: inayeyuka kwa maji. Masika ikianza, mvua moja tu imeondoka. Halafu huvuta unyevu, na huku unyevu haukosi, basi ukizidisha raba inanata na vumbi linaganda. Nyembamba sana, tena mara kwa mara. Kama huna subira hiyo, msikilize fundi.

Likoni_Kwetu
Yakhe, mnatatiza mambo. Mafuta ya mgando yanang'arisha raba hadi unajiona. Kwani wazee walikuwa na hizo 303?

FundiKisauni
Kung'aa kunang'aa, sikatai. Lakini raba nyingi za milango na vioo vya gari za siku hizi ni EPDM, aina ya raba ya kiwandani. Hiyo inahimili jua na maji vizuri, ila mafuta ya jamii ya petroli, kama hayo ya mgando, haipatani nayo. Inavimba, inalegea, baadaye haikai tena kwenye fremu. Mafuta ya nazi nayo huchacha na kukusanya vumbi, na vumbi likiingia mferejini linakwaruza kioo. WD-40 ya kawaida, ile ya kupuliza ya kulegeza kutu, itanyamazisha kelele leo, lakini si ya kuhifadhi raba.

Nyali_Daraja
Naongeza la dukani. Ukienda hadwea ukasema "silikoni" tu, utapewa ile gundi ya kuzibia sinki, inayonuka siki. Sema ya kupuliza, ya raba. Tena usiipulize karibu na gari inayongoja rangi, chembe zake zikitua kwenye bodi rangi inafanya vijishimo, na fundi wa rangi atakutukana kwa haki. Breki na pedali usizisogelee kabisa.

Bi_Mwembe
Na usafi jamani! Chumvi ikiwa bado iko, unaipaka dawa chumvi. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini, halafu iache ikauke hasa.

Mtudor
Nimeosha, nimepuliza mfereji. Kelele imepungua sana, ahsante fundi. Lakini raba ya mlango kwenye kona, nikiibana mpasuko unafunguka, naona mpaka ndani.

FundiKisauni
Hiyo haina dawa. Mafuta yoyote hupunguza kasi ya kukauka tu, nyufa hayaziungi. Tia karatasi mlangoni, funga, ivute. Ikitoka bila kushikwa, raba haibani tena, na mvua itaingia hadi kwenye zulia. Badilisha. Ukichukua ya gari iliyochinjwa, ikunje hapo hapo dukani utazame mgongo wake. Ukiona nyufa ndogo ndogo, irudishe, mwenzio alishaitumia ikamwishia.

Mtudor
Zanunuliwa seti au mlango mmoja mmoja?

FundiKisauni
Mmoja mmoja wapata. Ila ya mbele haiingii nyuma, na ya kushoto usidhani itakaa kulia. Ing'oe ya zamani uende nayo, muipimishe pamoja kabla hujatoa pesa.

Likoni_Kwetu
Hiyo ya karatasi nimeijaribu kwangu. Fundi, Jumamosi uko gereji?