Nina kitanzi cha kuzuia mimba na ninapinga utoaji mimba. Wifi anasema najipinga mwenyewe

Mama wa Wawili

Ndugu zangu, naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu. Nina watoto wawili, nina kitanzi cha shaba mwaka wa nne sasa, na tangu nijitambue napinga utoaji mimba. Sifuati mkumbo. Mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa na wiki 11, nikaililia kama mtoto, kwa sababu kwangu alikuwa mtoto. Mwezi uliopita walipopitisha karatasi ya kudai sheria kali zaidi, nilitia sahihi bila kusita.

Sasa wifi yangu, yuleyule aliyenishika mkono siku zile za msiba, ameniambia mbele ya mume wangu kwamba kitanzi hakizuii mimba, kinaitoa kila mwezi bila mimi kujua. Kwa hesabu yake nimeshatoa zaidi ya 40. Tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Naomba mnijibu mawili: kitanzi kinafanyaje kazi hasa? Na hao ninaowaunga mkono, je, wanataka kuniondolea na hiki?

Mkunga Mstaafu

Mwanangu, pole sana, na hesabu hiyo ya 40 iondoe kichwani leo hii. Nimeweka vitanzi kwa miaka 26, kwa hiyo nisikilize.

Shaba ya kitanzi ni sumu kwa mbegu za kiume. Zinaishiwa nguvu ya kuogelea, nyingi zinafia njiani kabla ya kulifikia yai. Yai lisilofikiwa halitungishwi, na pasipo kutungishwa hakuna cha kutoa. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, mwezi baada ya mwezi.

Sitakuficha upande wa pili, maana ukija kuusikia kwa mwingine utadhani nilikudanganya. Kitanzi cha shaba kinaweza pia kuwekwa ndani ya siku 5 baada ya tendo, kama njia ya dharura. Hapo huenda yai limeshatungishwa, na kitanzi kinaweza kulizuia lisijipandikize kwenye ukuta wa mji wa mimba. Na hata kwa aliyekaa nacho miaka, hakuna mtaalamu mkweli atakayekuapia kwamba hilo halitokei kamwe. Yai lililotungishwa huchukua siku 6 hadi 10 hivi kabla ya kujipandikiza. Madaktari wengi huhesabu mimba kuanzia hapo linapojipandikiza. Wifi yako anahesabu tangu kutungishwa. Hapo ndipo mnapoachana, na darubini haitawaamulia.

Vidonge vya dharura vya levonojestreli, vile ambavyo wengi huviita P2, navyo husingiziwa. Vinachelewesha yai kutoka, basi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilibadilisha maelezo ya pakiti Desemba 2022 kusema wazi kwamba havizuii yai kujipandikiza. Vidonge vya kutoa mimba ni dawa nyingine kabisa: mifepristoni hukata kazi ya homoni inayoishikilia mimba ambayo tayari ipo.

Najua nimeandika mengi, lakini kuna mama mmoja simsahau. Alikuja kwangu akitetemeka, ameambiwa haya uliyoambiwa wewe, akataka kitanzi kitolewe siku hiyohiyo. Nilikitoa, ni haki yake. Hakutaka njia nyingine yoyote. Baada ya miezi michache aliletwa akivuja damu, amejaribu kuitoa mimba kwa vitu alivyopewa na mtu asiyejua lolote. Tulimwokoa yeye. Mji wake wa mimba hatukuweza.

Msoma Sheria

Dada, nijibu swali la pili. Wengine ndiyo, wengi hapana, na ugumu ni kwamba maneno ya sheria hayatofautishi nia za watu.

Ugomvi wenu na wifi ulishafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Wenye kampuni ya Hobby Lobby walikataa kugharamia bima yenye njia nne: vitanzi vya aina mbili na vidonge vya dharura vya aina mbili. Mwaka 2014 walishinda kwa majaji 5 dhidi ya 4. Lakini mahakama haikusema kwamba njia hizo zinatoa mimba. Ilisema wenye kampuni wanaamini hivyo kwa dhati, na kuwalazimisha kunaelemea imani yao. Watu wengi huikosa tofauti hiyo.

Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo ilipofuta haki ya kutoa mimba iliyokuwepo tangu 1973, Jaji Clarence Thomas aliandika kwamba hukumu ya Griswold ya 1965, iliyowapa wanandoa haki ya kutumia uzazi wa mpango, nayo itazamwe upya. Wenzake hawakuungana naye katika hilo. Juni 2024 muswada wa kuilinda haki hiyo ulikwama katika Seneti.

Ukitaka kuona viwili hivi vikibanwa pamoja, tazama Romania. Mwaka 1966 mtawala wake, Ceaușescu, alipiga marufuku utoaji mimba, na uzazi wa mpango ukawa haupatikani. Vizazi vilikaribia mara mbili mwaka uliofuata, kisha vikashuka tena, kwa sababu wanawake walijifunza kutoa kwa siri. Kufikia 1989 walikuwa wakifa wanawake wapatao 170 kwa kila vizazi hai 100,000. Marufuku ilipofutwa, idadi hiyo ilishuka kwa takriban nusu ndani ya mwaka mmoja.

Katekista

Mimi niko upande wa wifi yako kuhusu uhai, na kanisa langu linazikataa njia hizi, kama waraka wa Papa Paulo wa Sita wa 1968 unavyosema. Hata hivyo Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1995 kwamba kuzuia mimba na kutoa mimba ni maovu mawili ya aina tofauti. Kumwambia mama aliyefiwa na mimba kwamba ameua mara 40, pasipo uhakika, si kuutetea uhai. Nakuombea, na namwombea yeye.

Mama wa Wawili

Shikamoo mkunga, asante. Asanteni wote.

Nimempigia wifi jana usiku. Tumelia wote wawili. Bado anaamini mimba ni tangu yai linapotungishwa, na mimi moyoni sijui tena ni lini, ila ile ya wiki 11 naijua. Nimemwomba tu asiitaje tena hiyo 40. Amekubali.

Ile karatasi niliyotia sahihi nimeitafuta nikaisoma upya, safari hii neno kwa neno. Imeandikwa "tangu kutungishwa kwa yai". Kuhusu vitanzi haisemi chochote. Nimewaandikia walioileta kuwauliza kama maneno hayo yananigusa, na kama yananigusa nataka sahihi yangu itolewe. Wakijibu nitaweka hapa.