Mpira umemgonga mkononi, akafunga mwenzake: ni bao au si bao?

Ochi_wa_Kibanda
Wadau, habari za jioni. Nina kibanda cha kuonyesha mpira hapa Umoja, Nairobi, na juzi nusura kivunjwe. Krosi imeingia, ikamgonga straika mkononi bila yeye kujua, ikamdondokea kiungo wao, akapiga, wavuni. VAR, wale marefa wa video, wakaangalia weee, bao likasimama. Shemeji yangu, mtu asiyejua kunyamaza, akaenda kusimama mbele ya skrini akisema huo ni wizi, mkono ukigusa kabla ya bao basi bao limekufa. Nusu ya watu wakawa upande wake. Mmoja akataka nimrudishie pesa ya kiingilio, utadhani mimi ndiye niliyekuwa kwenye chumba cha VAR. Mwenye kujua sheria anisaidie. Na ile mechi yetu Kenya na Madagascar pale uwanja wa Kasarani bado inaniuma, nayo mtu aieleze.

Jogoo_Kayole
VAR ifutwe tu. Zamani refa akikosea tulimtukana papo hapo tukaenda zetu. Siku hizi tunangojeshwa kwanza, ndipo tutukane.

Kibendera_Jericho
Ochi, shemeji yako anasoma sheria ya 2019. Mimi huchezesha mechi za mtaani, Jumapili utanipata uwanja wa Camp Toyoyo, na hili nalieleza kwa makocha wenye hasira mpaka sauti inakauka.

Msimu wa 2019/20 IFAB, wale wanaotunga sheria za soka, waliandika kwamba mkono wowote wa mshambuliaji uliozaa bao, hata wa bahati mbaya, hata kama aliyefunga ni mwenzake, bao linakataliwa. Ikawa kero, mabao yanafutwa kwa mguso ambao hata wapinzani hawakuulalamikia. Julai 2021 wakalegeza. Sasa linalokufa ni bao la yule yule aliyeguswa: mpira umeingia moja kwa moja kutoka mkononi mwake, au amefunga papo hapo baada ya kuugusa. Akiguswa mwenzake bila kukusudia, mpira unaendelea. Bao lenu ni halali. Pesa usirudishe.

Kwa beki ndiko kwenye kazi. Watu wanapiga kelele "hakukusudia!", lakini kutokukusudia hakumwokoi. Swali la refa ni hili: mkono ulikuwa pale kwa sababu gani? Beki anayeruka kupiga kichwa lazima mikono ipande kidogo, hakuna binadamu anayeruka kama nguzo ya stima. Ila ukiutandaza mkono kuziba njia ambayo mwendo wako haukuuhitaji, umejikuza mwili, na ukigongwa hiyo ni penalti. Bega si mkono, tangu 2020 mkono unahesabiwa kuanzia usawa wa chini ya kwapa.

Hapo ndipo marefa wakubwa nao hugongana. Euro 2024, Andersen wa Denmark aliguswa kidogo tu na krosi, kifaa kilichomo ndani ya mpira kikaonyesha mguso, Ujerumani wakapewa penalti na Havertz akafunga. Siku chache baadaye shuti la Musiala wa Ujerumani likamgonga Cucurella wa Uhispania mkononi na refa Anthony Taylor akasema cheza. Mashine ilithibitisha mguso wa kwanza, na wa pili kila mtu aliuona kwa macho. Mguso si kosa, kosa anaamua mtu. Ndiyo maana mwongozo wa VAR unasema picha ya polepole itumike kuona mpira umegusa wapi, lakini kuamua kama ni kosa uangalie kwa kasi ya kawaida. Polepole kila beki anaonekana mwizi.

Madagascar, Agosti 2025: tulikuwa mbele, VAR ikaona mkono wa mchezaji wetu kwenye boksi, penalti, 1-1, halafu kwenye mikwaju ya penalti tukalala 4-3. Nilikuwa jukwaani na niliumia kama wewe. Lakini VAR haikutupigia ile mikwaju.

Jogoo_Kayole
Dada umeeleza. Na kadi je? Ningekuwa refa ningetoa nyekundu kwa kila beki aliyenawa, yaani aliyegusa mpira kwa mkono, langoni.

Kibendera_Jericho
Ungemaliza mechi na watu saba. Tangu 2024, beki akizuia bao la wazi kwa mkono ambao hakuukusudia, na penalti imetolewa, anapata njano. Wa makusudi bado ni nyekundu, kama Suárez wa Uruguay alivyowafanyia Ghana Kombe la Dunia 2010, akazuia bao kwa mkono pale mstarini. Gyan wa Ghana akapiga penalti ikagonga mwamba, na bara zima tukalala njaa.

Mama_Wawili_254
Swali dogo. Toyoyo hakuna VAR. Wewe unajuaje kwamba amenawa?

Kibendera_Jericho
Naangalia kiwiko kabla mpira haujafika. Kikiwa kimebana mbavu, nashusha pumzi, kikiwa kimefunguka, filimbi iko mdomoni tayari. Sauti pia inasaidia: kifua kinatoa mlio mzito, mkono wazi unatoa kofi. Na beki aliyenawa huwa wa kwanza kunitazama mimi badala ya kuufuata mpira. Kama nimezibwa na sijaona, sipulizi, hata wakinizunguka kumi na mmoja.

Ochi_wa_Kibanda
Shukrani dada. Shemeji amesoma yote, sasa anauliza kipa anaruhusiwa kukaa na mpira mkononi sekunde ngapi.

Kibendera_Jericho
Nane. Tangu 2025 akizidisha ni kona, na refa anahesabu tano za mwisho kwa vidole, mkono juu. Hiyo afungue uzi wake.