Zamadamu ni nani hasa? Wafasiri watatu wa Uganda, kila mmoja akitajwa kwa mji wake, wanajadiliana.

Mbale: Tangu mwaka 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, sisi tunaofasiri biolojia tunagongana kwenye neno hili. Wapo wanaomwita zamadamu hata Morotopithecus, kiumbe wa kale ambaye mabaki yake yalipatikana Karamoja. Ni kosa. Huyo aliishi zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, na ukoo wetu uliachana na wa sokwe mtu yapata milioni 6 au 7 tu. Zamadamu ni wa upande wetu, baada ya njia panda hiyo.

Moroto: Naafiki, ndugu, ila msimwite "nyani wa kale" pia. Tazameni gego la pili la chini: la nyani lina ncha nne zilizoungana kuwa matuta mawili; la sokwe lina ncha tano, na mifereji kati yake huchora herufi Y. Hata pingili ya kiuno iliyopatikana huku ni ya mgongo mkakamavu, kama wa sokwe. Andikeni "sokwe wa kale".

Kampala: Mimi nasumbuliwa zaidi na "mtu", tunavyofasiri Homo, jina la jenasi yetu. Wanasayansi Louis Leakey, Tobias na Napier walipomtaja Homo habilis ("mtu stadi") mwaka 1964, walishusha mpaka wa ubongo, yaani ujazo wa chini wa kuitwa Homo, hadi sentimita za ujazo 600. Kabla yao, mwanaanatomia Keith alikuwa ameuweka 750. Baadaye fuvu KNM-ER 1813 la Koobi Fora, Kenya, likapimwa karibu 510, na wengi bado wanaliita habilis! Mwaka 1999 wanasayansi Wood na Collard wakapendekeza habilis ahamishiwe Australopithecus, jenasi nyingine ya zamadamu. Kwa Kilatini unabadili neno la kwanza tu, habilis linabaki. Ukishawafundisha watoto "mtu stadi", utamhamishaje?

Mbale: Hapo umenishika. Basi jina la Kilatini libaki: Homo kwa herufi kubwa, habilis kwa ndogo, yote kwa italiki. Maelezo ndiyo yawe Kiswahili: umri, mahali, ujazo wa ubongo, meno. Zinjanthropus wa Olduvai, aliyegunduliwa na Mary Leakey mwaka 1959, ataandikwa zamadamu bila kuitwa mtu, maana tawi lake lilikatika.

Moroto: Na Neanderthal, binadamu wa kale wa Ulaya na Asia? Ni Homo, ubongo wake haukupungua wetu, na alizaa na watu wa aina yetu. Mkimwandika zamadamu, mpaka wenu umetoka kwenye ukoo umeingia kwenye umri. Semeni mnapima kwa kipi.