Naomba ushauri: kuwaachia wanafunzi wachague wenyewe aina ya kazi

Walimu wenzangu habari zenu, naombeni ushauri. Nafundisha sayansi sekondari na muhula huu nimeanza kuwaachia wanafunzi wachague, mada ni ile ile mfano usanisinuru (jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga) ila mtu anaamua mwenyewe aandike insha, achore mchoro wenye maelezo, arekodi sauti au aje mbele atueleze laivu. Nia ni yule anayeelewa vizuri ila kuandika kunampiga chenga naye aonekane. Sasa ishu iko kwenye kusahihisha, insha unaona kabisa hoja zimekaa, mchoro je?? Natumia vigezo vilevile kwa wote (ametaja mwanga, maji na kabonidayoksaidi, ameeleza glukosi inapatikanaje) na imesaidia kiasi, lakini wanaorekodi ni walewale wenye simu nzuri nyumbani, sasa hapo usawa uko wapi. Halafu kuna wanaochora kila wiki ili wakwepe kuandika, na mtihani wa mwisho ni wa kuandika tu jamani. Nyie mnawalazimisha wabadilishe au mnawaacha? Na hili la vifaa mnafanyaje, kazi yote inafanyikia darasani?